Uzamili wa mawasiliano ya biashara: je, nitakuwa napoteza hela?

«Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 31, naishi Mwanza, nimeajiriwa na kampuni ya mikopo midogo. Shahada yangu ya kwanza ni ya usimamizi wa biashara, GPA 3.3. Niliingia kama ofisa huduma kwa wateja, lakini huu mwaka wa nne kila barua, kila tangazo, meseji za kukumbushia marejesho, hata hotuba ya mkurugenzi, naandika mimi. Cheo ni kilekile. Meneja rasilimali watu anasema bila masta sitapanda. Natamani kusoma uzamili wa mawasiliano ya biashara, ila wenzangu wananicheka: eti nikasome MBA, yaani uzamili wa usimamizi wa biashara, hiyo nyingine ni kusomea kuongea. Nimeona mtandaoni chuo cha nje kinachotoa shahada hiyo kwa miezi tisa, bila tasnifu. Kiingereza changu cha kuandika kinanitia hofu, Bodi ya Mikopo bado inanikata, na siku hizi akili mnemba inaandika barua kwa sekunde. Je, nitakuwa napoteza hela?»

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mengi, lakini nikiyapepeta naona hofu moja tu: kwamba utalipa ada, utakesha miaka miwili, halafu karatasi utakayorudi nayo isiheshimiwe na watu walewale ambao hadi leo hawajaiheshimu kazi yako. Hofu hiyo ina msingi. Jibu langu kwa kifupi ni soma, lakini si hicho cha miezi tisa kabla hujakichunguza, na usilipe senti kabla mwajiri wako hajakujibu jambo moja kwa maandishi. Nitalifikia.

Kwanza hilo la «kusomea kuongea». Taaluma hii haikuzuka jana mitandaoni. Chama cha wanataaluma wake kilianzishwa Marekani mwaka 1936, na walimu wa vyuo waliokuwa wakifundisha uandishi wa barua za biashara. Leo kinaitwa Association for Business Communication na kina majarida yake ya kitaaluma. Wanachochunguza si ufasaha wa mtu jukwaani. Wanachunguza kwa nini ujumbe uleule unamfanya mteja mmoja alipe na mwingine azime simu, kwa nini taarifa ya hasara iliyocheleweshwa siku mbili inaiumiza kampuni kuliko hasara yenyewe, na kwa nini kikao kinaisha kila mtu akiwa ameelewa lake.

Nitakuonyesha kwa kazi yako mwenyewe, maana nadhani hata wewe hujaiona thamani yake. Chukua ile meseji ya kumkumbusha mkopaji aliyechelewa siku tano. Meseji moja ya kawaida ina herufi 160 pamoja na nafasi. Ukishaweka jina lake, kiasi, tarehe, namba ya kulipia na jina la kampuni, umebakiwa na nafasi ndogo sana, na maneno yetu ya Kiswahili ni marefu. Unakata nini? Ukikata salamu, meseji inafoka. Ukikata namba ya kulipia, umemwacha na aibu bila njia ya kuiondoa. Na umewahi kujiuliza ni nani mwingine ataisoma? Simu nyingi za wateja wako haziko mkononi mwa mtu mmoja. Mtoto anacheza nayo, mume anaipokea, jirani anaazima. Ujumbe uliodhani unakwenda kwa mama mmoja wa Igoma umesomwa na nyumba nzima.

Hapo ndipo nadharia inapoanza kufanya kazi. Wanaisimu Penelope Brown na Stephen Levinson walieleza kwamba kila ombi linagusa heshima ya anayeombwa, na kwamba msemaji huchagua kiasi cha kulainisha kulingana na uzito wa ombi, umbali kati yao na nani mwenye nguvu. Sasa deni ni ombi zito kutoka kwa mwenye nguvu. Usipolainisha kabisa, mteja anakukimbia. Ukilainisha kupita kiasi, tarehe ya mwisho inamezwa na adabu na mteja anaamini bado ana muda. Kuna kipimo cha katikati, na kipimo hicho hakifanani kwa mkopo wa mtu binafsi na mkopo wa kikundi, ambako wenzake ndio wadhamini na watakaa naye kwenye kikao kijacho.

Bado kuna suala la njia. Miaka ya 1980 Richard Daft na Robert Lengel walitoa hoja kwamba jambo lisilo na utata linafaa kwenda kwa njia nyepesi kama maandishi mafupi, lakini jambo linaloweza kueleweka kwa namna nyingi linahitaji njia inayoruhusu maswali papo hapo: simu, au mtu kwa mtu. Hoja hiyo imepingwa na kurekebishwa mara nyingi, na utasoma mapingamizi yake, lakini ofisini kwako inafaa: kuchelewa kwa siku tano ni meseji, miezi mitatu si meseji. Anayetuma meseji ya kumi na mbili kwa mtu ambaye biashara yake imekufa hawasiliani naye, anajifariji tu kwamba ametimiza wajibu.

Juu ya hayo kuna sheria. Kampuni yako iko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, anayewatumia ndugu na marafiki wa mkopaji meseji za kumwaibisha ana maswali ya kujibu: namba hizo alizipata wapi, na kwa ridhaa ya nani? Unakumbuka Novemba 2024 Benki Kuu ilipotoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Leseni ndiyo iliyokuwa hoja rasmi. Lakini kilichokuwa kimewachosha wananchi na mikopo ya kausha damu hakikuwa riba peke yake. Ilikuwa pia lugha, ule ujumbe wa vitisho uliotua kwenye simu ya mama mkwe.

Basi wenzako wakisema ni kusomea kuongea, waulize nani ofisini kwenu anaweza kuyapima yote hayo kabla ya kubofya «tuma» kwa wateja wote kwa mpigo.

Hili linajibu pia wasiwasi wako kuhusu akili mnemba. Ndiyo, programu itakuandikia meseji hiyo kwa sekunde, na Kiswahili chake kitapita. Haijui kwamba simu ni ya nyumba nzima. Haijui kwamba mwezi huo ziwa lilichafuka na wachuuzi wa dagaa hawakuuza. Itakuandikia barua kumi nzuri, na mtu mmoja lazima aseme ipi iende, ipi isiende, na kwa sababu gani. Kama thamani yako kazini ni kunyoosha sentensi tu, nakubali, hofu yako ni ya kweli na shahada hii haitakuokoa. Lakini uzamili mzuri unakuondoa kwenye kunyoosha na kukupeleka kwenye kuamua kwa ushahidi: unagawa wakopaji makundi mawili, kila kundi linapata meseji tofauti, unalinganisha marejesho, unamwekea mkurugenzi tarakimu mezani. Sehemu hiyo inaitwa mbinu za utafiti. Wanafunzi wengi wanaichukia, na naona ndiyo inayolipa kuliko zote.

Sasa MBA. Sitaki kuidharau ili kukufurahisha. MBA ni fedha, uhasibu wa menejimenti, masoko, mikakati, rasilimali watu. Mawasiliano mara nyingi ni kozi moja, au kipande cha kozi. Wewe ulishasoma usimamizi wa biashara, kwa hiyo sehemu kubwa utakutana nayo tena, kwa kina zaidi. Kama baada ya miaka kumi unajiona meneja wa tawi au mkurugenzi mtendaji, wenzako wamekupa ushauri sahihi kwa sababu isiyo sahihi: nenda MBA, mawasiliano utayabeba kama silaha ya ziada. Lakini kama unajiona mkuu wa mawasiliano au wa mahusiano na wateja, katika benki, shirika la umma au taasisi ya kimataifa, MBA itakufanya mmoja kati ya wengi sana. Ukiwa na msingi wa biashara na uzamili wa mawasiliano, unaweza kusoma mizania na kuieleza kwa mama wa kikundi na kwa mjumbe wa bodi. Watu wa aina hiyo ni wachache.

Tatizo ni kwamba hapa kwetu shahada yenye jina hilo hasa ni adimu. Utakuta mawasiliano ya umma, uhusiano wa umma, au mawasiliano tu. Kwako Mwanza kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT, pale Malimbe, kilichozaliwa mwaka 1998 kutokana na chuo cha zamani cha Nyegezi na kinachojulikana nchi nzima kwa mawasiliano ya umma. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kina kituo Mwanza, na kwa mfanyakazi asiyeweza kuacha kazi ni mlango wa kuubisha kabla ya kufunga mizigo. Ng'ambo ya mpaka, Nairobi, wapo Daystar na Chuo Kikuu cha Nairobi. Ulaya utayapata majina yanayokaribia unachokitaka: Radboud ya Nijmegen, Uholanzi, ina uzamili wa mawasiliano ya biashara ya kimataifa, na Leeds, Uingereza, ina wa mawasiliano ya mashirika, masoko na uhusiano wa umma.

Usisome jina la shahada. Soma orodha ya kozi. Shahada ya mawasiliano ya umma ambayo robo tatu yake ni chumba cha habari, utangazaji na sheria za vyombo vya habari itakufanya mgeni darasani, hata kama walimu wake ni hodari. Tafuta mawasiliano ndani ya taasisi, uhusiano wa umma, mawasiliano wakati wa majanga, na utafiti wa tarakimu pamoja na wa mahojiano. Ukikuta nusu yake, inatosha, kwa sababu mada ya tasnifu unaichagua wewe, na tasnifu ndiyo itakayokutambulisha. Kuhusu sifa za kuingia, 3.3 yako ni daraja la pili la chini, ambalo kwetu huanzia 2.7, na vyuo vingi hupokea kuanzia hapo. Usiionee aibu.

Kuhusu kile chuo cha miezi tisa. Ufupi peke yake si dalili ya utapeli. Uingereza uzamili wa mwaka mmoja ni jambo la kawaida, na zipo shahada halali zinazoweka mradi wa kikazi mahali pa tasnifu. Swali la kuuliza ni nani anakitambua. Wako wauza vyeti mtandaoni ambao wameunda na «bodi ya ithibati» yao wenyewe, kisha wanajipigia muhuri na kuandika kwa herufi kubwa kwamba wana ithibati ya kimataifa. Angalia kama mamlaka ya elimu ya juu ya nchi kilipo chuo inakitambua. Kisha, kabla ya kulipa, uliza TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa sababu ndiyo inayotambua tuzo za vyuo vikuu vya nje. Siku utakapoomba kazi serikalini, cheti kisichotambuliwa na TCU kitakwama mapema. Na hata kikitambuliwa, shahada isiyo na utafiti inaweza kukufungia mlango wa uzamivu, yaani PhD.

Nikiri kwamba tasnifu unayotaka kuikwepa ndiyo inayowakwamisha wengi, na si kwa uvivu. Masomo ya darasani yana ratiba, mitihani na wenzako wa kukusukuma. Tasnifu haina kengele. Bosi anakupa jukumu jipya, msimamizi ana wanafunzi wengi, mada ni pana kama ziwa, na mwaka umekwisha. Dawa yake ni kuingia chuoni ukiwa na mada finyu. Wewe unayo tayari: namna maneno ya meseji za kukumbushia marejesho yanavyohusiana na ulipaji katika kampuni ya mikopo ya Mwanza. Data iko kwenye mfumo wa ofisi yenu. Omba ruhusa ya kuitumia kwa maandishi, bila majina wala namba za wateja, kabla hujajisajili. Mabosi wanaokubali kwa mdomo hubadilika wakishaliona dodoso.

Kiingereza nacho nakihofia kidogo kuliko unavyokihofia. Kinachomwangusha mwanafunzi wa uzamili mara chache ni msamiati. Ni kwamba aya yake haina dai, au ina dai bila ushahidi, au ina ushahidi usioungwa na dai. Ugonjwa huo ungekuwepo hata angeandika kwa Kiswahili. Jipime hivi: chukua makala moja ya jarida la taaluma hii, isome, kisha andika kwa Kiswahili nusu ukurasa ukieleza mwandishi anadai nini, anathibitishaje, na wewe unamkatalia wapi. Ukiweza, kilichobaki ni kazi ya lugha, na inatibika kwa kuandika kila wiki na kupata wa kukusahihisha. Usipoweza, kozi ya Kiingereza haitakusaidia bado. Na tambua kwamba utafiti wa lugha ya biashara kwa Kiswahili bado ni mchache mno ukilinganisha na biashara yenyewe inayofanyika kwa Kiswahili kila siku. Hapo una faida ambayo mwanafunzi wa Leeds hana.

Fedha nitaipitia haraka. Makato ya Bodi ya Mikopo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi na hayatasimama kwa sababu unasoma ukiwa kazini, kwa hiyo piga hesabu kwa kile kinachoingia mkononi. Usipange maisha ukitegemea mkopo wa uzamili. Ufadhili upo: Chevening ya Uingereza inalipia uzamili wa mwaka mmoja, inadai uzoefu wa kazi wa miaka miwili, yaani saa 2,800, ambao unao, na inakutaka urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baadaye. Maombi kwa kawaida hufunguliwa Agosti. Insha zao zinauliza umefanya nini, umeongoza nini, unakwenda wapi. Ni mtihani wa mawasiliano ya biashara kabla hata hujaanza kuusoma.

Sasa lile jambo moja la mwajiri. Meneja anaposema «bila masta hutapanda», anamaanisha nini? Katika ikama ya kampuni yenu, yaani orodha ya nafasi zake za kazi, kuna nafasi ya ofisa mawasiliano? Inadai shahada gani, fani gani? Kama kiti hakipo, shahada haitakichonga. Muulize kwa barua pepe, kwa upole, ili ajibu kwa maandishi. Akisema nafasi haipo, andika dokezo la kuipendekeza na uambatanishe kazi zako: barua ulizoziandika, malalamiko yaliyopungua, marejesho yaliyopanda kama yalipanda. Inawezekana ukapewa cheo bila masta. Inawezekana pia ukagundua kwamba kampuni hiyo haina mpango na wewe, na huo ni ujumbe muhimu kuupata kabla ya kulipa ada ili uipambe CV ya kwenda kwingine. Kama hujawa tayari kwa mzigo wa miaka miwili, kuna stashahada ya uzamili, kuna kozi fupi, na kuna Chama cha Maofisa Uhusiano, PRST, ambako utakutana na watu wanaoajiri. Njia hizi si za walioshindwa. Kwa mwenye mtoto mchanga au mgonjwa nyumbani, ndizo ninazozipendekeza kwanza.

Mengine hayafai kumalizwa kwa maandishi. Kampuni ikikubali kukulipia, itakufunga kwa mkataba wa kuitumikia miaka kadhaa. Mpelekee mwanasheria au ofisi ya kazi aukague kabla hujasaini, hasa kipengele cha kurudisha fedha ukiondoka. Na nenda Malimbe mwenyewe, siku ya kazi, ukiwa na transkripti. Omba kuonana na mratibu wa uzamili, umuulize kati ya walioingia miaka mitatu iliyopita ni wangapi wamehitimu. Akisitasita, uliza tena. Kisha pita maktaba, omba tasnifu mbili za karibuni zilizosimamiwa na mwalimu unayemtaka, usome sura ya tatu na ya nne. Huko utaona kama anawaachia wanafunzi wake wafikiri au wajaze kurasa.

Meneja akishakujibu kwa maandishi, niletee jibu lake pamoja na orodha ya kozi za chuo ulichokiona kinafaa, tuipitie kozi kwa kozi kabla dirisha la maombi halijafungwa.